Nyumba kwenye wilaya nzuri ya shule Texas: unalipia kwenye kodi au kwenye bei?

"Mimi na mume wangu tuko Fort Worth, Texas, mwaka wa sita sasa tunapanga apatimenti. Mimi ni nesi msaidizi, mume wangu anaendesha lori. Tuna watoto wawili, mmoja miaka 9 mwingine 4. Benki imetukubalia mkopo tukaanza kutafuta nyumba na hapo ndo kichwa kikaanza kuuma. Nyumba ya kwanza ni dola 340,000, iko Eagle Mountain-Saginaw ISD. Ya pili iko dakika saba tu kwa gari, vyumba idadi ileile, jiko lake hata dogo kidogo, ila wanataka 395,000 na kila mtu anasema ni kwa sababu iko Keller ISD. Na anwani zote mbili zinasoma Fort Worth! Ya tatu ni mpya kabisa, inamalizwa kujengwa Denton County, mtu wa kampuni ya ujenzi katuonyesha karatasi kwamba kodi yake ni dola 1,890 tu kwa mwaka. Rafiki yangu kanisani anasema shule zikiwa nzuri kodi nayo inapanda mpaka unaikimbia nyumba, mwingine anasema kodi ya shule Texas imeshafutwa. Ejenti wetu tukimuuliza shule ipi nzuri anakwepa, anasema tuangalie wenyewe. Sasa hapa tunanunua nyumba au tunanunua shule? Na tukishindwa, tutumie anwani ya binamu yangu ambaye tayari anakaa Keller?"

Dada yangu, mnanunua vyote viwili kwa hela moja, ila shida ni kwamba bei ya shule haijaandikwa mahali popote kwenye karatasi, imeyeyushwa ndani ya bei ya nyumba na mtu hawezi kuiona kwa macho. Nimekaa mezani na familia nyingi za kwetu hapa Dallas na Fort Worth, Watanzania, Wakenya, Wakongo waliotokea Uvira na Bukavu, makaratasi yametandazwa mpaka chai inapoa, na hofu karibu zote zinaanzia kwenye kodi ya shule. Lakini tukipiga hesabu hadi mwisho tunakuta kodi ya shule siyo inayowaumiza zaidi. Kinachowaumiza ni bei yenyewe, na kingine ni namba ya kodi isiyo ya kweli waliyoonyeshwa siku ya kwanza. Hiyo 1,890 uliyoonyeshwa nitairudia kwa kirefu maana imenitisha kuliko vyote ulivyoandika.

Tuanze na anwani kwanza. Kwetu tumezoea wilaya ni ya serikali, mkuu wa wilaya yupo, na hela ya shule ya serikali inatoka juu. Kodi ya majengo kule Tanzania unakatwa kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla) shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, wala haijali shule ya jirani ina madawati au haina. Huku ni kitu kingine kabisa. Hizo herufi ISD maana yake ni wilaya ya shule inayojitegemea, na kujitegemea hapo ni kwelikweli, ina bodi yake inayochaguliwa kwa kura, ina mipaka yake, inatoza kodi yake na inakopa yenyewe. Mipaka hiyo haifuati mji wala haifuati posta. Ndani ya mji wa Fort Worth peke yake zimeingia wilaya za shule zaidi ya kumi, kuna Fort Worth ISD yenyewe, Keller, Northwest, Eagle Mountain-Saginaw, Crowley, Birdville, White Settlement, Everman na nyingine. Kwa hiyo nyumba zako mbili kusoma Fort Worth zote siyo ajabu, na msimwamini mtu yeyote anayesema "hapa ni Keller" kwa kuangalia jina la mtaa. Kila wilaya ina sehemu kwenye tovuti yake unaweka namba ya nyumba inakwambia shule ya msingi, ya kati na ya sekondari, na hata hapo mimi huwa nasema piga simu ofisi ya uandikishaji wathibitishe, manake kwenye tangazo la nyumba jina la shule limeandikwa na muuzaji tu.

Sasa kwa nini dakika saba zigharimu dola 55,000? Hapa ndo pana utamu wa jambo lenyewe. Marekani mtoto ana haki ya kusoma bure shule ya serikali ya mahali anapolala. Kiti darasani hakiuzwi, ila nyumba inayokupa haki ya kile kiti inauzwa, na nyumba ndani ya mpaka zina idadi yake haziongezeki kila siku. Wazazi wanaotaka kiti hicho wanashindania nyumba hizo hizo, kila mmoja anaongeza kidogo, mwisho ule ubora (au sifa, maana wakati mwingine ni sifa tu) unakuwa umehamia kwenye bei. Wachumi wameliona hili muda mrefu. Charles Tiebout aliandika mwaka 1956 kwamba watu huku wanapiga kura kwa miguu, wanahamia mji wenye huduma na kodi wanazozitaka. Wallace Oates mwaka 1969 akachukua miji 53 ya New Jersey akakuta kweli, kodi ikiwa juu bei za nyumba zinashuka, na matumizi ya shule yakiwa juu bei zinapanda. Alafu Sandra Black mwaka 1999 akafanya kitu ninachokipenda sana, alilinganisha nyumba za pande mbili za mstari wa shule kwenye vitongoji vya Boston, yaani mtaa uleule, hewa ileile, ila watoto wanaenda shule tofauti. Akakuta alama za mitihani zikizidi kwa asilimia 5 wazazi wako tayari kulipa nyumba kwa asilimia 2.5 zaidi. Asilimia 2.5 siyo ndogo kwenye nyumba ya laki tatu na ushee, lakini angalia pia siyo asilimia 16 uliyowekewa wewe. Kwa hiyo kwenye ile 55,000 usiiite yote shule. Inawezekana kuna umri wa paa, ukubwa wa kiwanja, barabara, na muuzaji anayejua kwamba neno Keller linawafanya wazazi wa kiafrika wasibishane bei.

Na sasa lile la rafiki yako, kwamba shule nzuri ni kodi kubwa. Watu wengi wanaamini hivo kwa sababu linasikika la haki, ukipata kizuri ulipe zaidi, lakini Texas historia yake imeenda kinyume kabisa na inauma kuisoma. Mwaka 1968 huko San Antonio wazazi wa wilaya ya Edgewood, wengi wao Wamarekani wenye asili ya Meksiko, akiwemo baba mmoja anaitwa Demetrio Rodriguez, walifungua kesi. Edgewood walikuwa wanajitoza kodi ya dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani, kubwa kuliko wilaya zote za pale mjini, na jirani zao matajiri wa Alamo Heights walikuwa wanatoza senti 85 tu. Lakini Edgewood kwa kila mwanafunzi palikuwa na mali ya thamani ya dola 5,960, Alamo Heights zaidi ya dola 49,000. Ukizidisha unaona mwenyewe: maskini wanajikamua zaidi, wanapata kidogo. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani na mwaka 1973 wakashindwa kwa majaji 5 kwa 4, mahakama ikasema katiba ya Marekani haijaweka elimu kuwa haki ya msingi. Ikabidi warudi mahakama za Texas, na mwaka 1989 Mahakama Kuu ya jimbo ikakubali kwamba mfumo ule unavunja katiba ya jimbo, na kutoka hapo mwaka 1993 ikaja sheria ambayo watu wanaiita Robin Hood, wilaya zenye mali nyingi zinatoa sehemu ya makusanyo yao ziende kusaidia wengine. Austin ISD kwa miaka mingi ndo imekuwa ikitoa kuliko zote.

Ninakwambia hayo ili ujue kiwango cha kodi na ubora wa shule ni vitu viwili. Kiwango cha ISD kina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya uendeshaji, mishahara ya walimu, umeme, mabasi, na hiyo tangu sheria ya mwaka 2019 jimbo limekuwa likiibana ishuke kadri thamani za nyumba zinavyopanda, kwa hiyo kati ya wilaya na wilaya haipishani sana. Ya pili ni ya kulipa madeni ya bondi, hela zilizokopwa kujenga majengo, na hapa ndo tofauti inapotokea, wilaya inayokua haraka inajenga shule kila mwaka inakopa sana, wilaya kongwe iliyoshiba majengo na yenye nyumba za mamilioni inaweza kuwa na kiwango cha chini kabisa. Kwa hiyo ukiona kiwango cha juu usiseme shule nzuri, na ukiona cha chini usiseme mbaya, uliza tu deni lao likoje na kama kuna bondi mpya inakuja kupigiwa kura.

Kufutwa? Hapana, kodi ya shule haijafutwa. Kilichotokea ni kwamba tarehe 4 Novemba 2025 wananchi walipiga kura kuongeza msamaha wa homstedi, ule wa nyumba unayoishi mwenyewe, kutoka dola 100,000 hadi 140,000 kwa upande wa kodi ya shule. Gavana Greg Abbott amekuwa akisema anataka kodi ya shule ifutwe kabisa kwa wenye nyumba, ndo maana maneno yanazunguka, ila bili itakuja na mtailipa. Na kuna wanaofikiri mtu asiye na mtoto shuleni halipi, nalo siyo kweli, kila mwenye mali analipa, hata nyie kwenye apatimenti mmekuwa mkiilipa miaka yote sita ndani ya kodi ya pango bila kuonyeshwa.

Haya tupige hesabu ya nyumba zako mbili. Viwango nitakavyotumia ni vya mfano, vya mwaka husika utavitoa kwenye tovuti ya Tarrant Appraisal District, ofisi ya uthamini ya kaunti yenu. Tuseme wilaya ya nyumba ya kwanza inatoza 1.20 kwa kila dola 100 na ya pili 1.09. Nyumba ya 340,000 ukitoa msamaha wa 140,000 inabaki 200,000, kodi ya shule ni dola 2,400 kwa mwaka. Nyumba ya 395,000 inabaki 255,000, kodi ya shule ni dola 2,779. Umeona, tofauti ni kama dola 380 kwa mwaka, dola 32 kwa mwezi. Alafu kuna wengine kwenye bili ileile, mji, kaunti, hospitali ya umma, chuo cha kaunti, tuseme kwa pamoja 1.15 (wana misamaha yao pia, nimeiacha tu ili tusichanganyikiwe), hao wataongeza tofauti ya dola 53 hivi kwa mwezi kwa sababu tu nyumba ni ya bei zaidi. Kodi zote pamoja ni dola 85 za tofauti kwa mwezi.

Sasa ile 55,000 yenyewe. Ukiikopa kwa miaka 30 kwa riba ya asilimia 6.5 ni karibu dola 348 kila mwezi. Hapo ndo penyewe dada. 348 ya mkopo na 85 ya kodi ni 433 kwa mwezi, zaidi ya dola 5,000 kwa mwaka, na katika hiyo yote kodi ya shule ni dola 32. Rafiki yako anaogopa dola 32, hizo 348 hazioni kwa sababu zinaitwa mogeji na mogeji tumeshakubali kuwa ni kawaida.

Lakini niseme haki, 348 siyo hela yote iliyopotea. Ile 55,000 ni sehemu ya nyumba, siku mkiuza na kama sifa ya wilaya bado ipo mnaipata tena, au mnaipata na nyongeza. Kinachoondoka moja kwa moja ni riba na kodi. Na nyumba za wilaya zinazotafutwa kwa kawaida hazikai muda mrefu sokoni, hilo lina faida kwa mtu kama mume wako ambaye kazi inaweza kumhamisha. Kwa hiyo siwezi kukwambia nyumba ya pili ni wizi. Ninachosema ni ujue unalipia nini, na unalipia kwa sababu mstari uko pale ulipo leo.

Na mistari inahama, jamani. Kuna miwili. Kuna mpaka wa wilaya nzima, huo ni mgumu kuhama ila siyo mwamba, Januari 2025 bodi ya Keller ISD ilileta wazo la kuigawa wilaya yao vipande viwili kufuata barabara ya 377, na upande wa magharibi, ambao ndo wenye nyumba nyingi zenye anwani ya Fort Worth, ungekuwa wilaya nyingine kabisa. Wazazi walijaa kwenye mikutano, na Machi mwaka huohuo wazo likaachwa. Fikiria aliyekuwa amesaini mogeji mwezi mmoja kabla, amelipa bei ya jina Keller. Mpaka wa pili ni wa shule ndani ya wilaya, huu bodi inaubadilisha mara kwa mara, wakijenga shule mpya wanagawa upya, wakikosa watoto wanafunga. Plano ISD, wilaya ambayo watu wameililia miaka mingi, mwaka 2024 bodi ilipitisha kufunga shule nne kwa sababu wanafunzi wamepungua, nyumba zimekuwa ghali mpaka familia changa haziingii. Kwa hiyo kabla hujasaini soma ajenda za bodi za miezi kama sita nyuma, ziko wazi kwenye tovuti zao, tafuta maneno kama mipaka, kufunga, bondi. Saa moja ya jioni inatosha.

Sasa nirudi kwenye ile nyumba ya tatu na dola 1,890. Tafadhali msisaini chochote kabla ya kumaliza kusoma aya hizi mbili. Texas thamani ya kodi inaangaliwa kama mali ilivyokuwa tarehe 1 Januari. Kama tarehe hiyo nyumba yenu ilikuwa bado ni kiwanja kitupu, bili ya mwaka huo ni ya kiwanja. Kiwanja cha dola 70,000 kwa viwango vya jumla vya 2.70 kwa mia ni 1,890 kamili, nahisi ndo kilichofanyika. Mwaka unaofuata nyumba imesimama, ina thamani ya mfano 380,000, shule 2,880 baada ya msamaha, na wengine wote tuseme 1.50 ni 5,700, jumla dola 8,580. Nimeweka 1.50 kwa sababu kwenye kaunti za Denton na Kaufman mitaa mipya mingi iko ndani ya MUD, hiyo ni wilaya ndogo ya maji na mitaro iliyokopa hela kuweka mabomba, na deni lake linalipwa na nyie wenye nyumba kupitia kodi. Mara nyingi MUD iko nje ya mji kwa hiyo hulipi kodi ya mji, ila ya MUD yenyewe inaweza kuzidi hiyo.

Kinachowavunja watu moyo ni eskro. Benki inakusanya kodi kila mwezi pamoja na mogeji, na kama waliweka makadirio ya 1,890 walikuwa wanakukata dola 157 kwa mwezi. Bili ya 8,580 ikija benki inailipa, alafu inakudai upungufu wa 6,690, na kuanzia hapo inakukata 715 kwa mwezi ya kodi ya kweli na 557 ya kufidia upungufu kwa mwaka mzima. Yaani malipo yako ya mwezi yanapanda kwa zaidi ya dola 1,100 bila riba kubadilika hata kidogo. Nimeona watu wanaongeza shifti za usiku kwa ajili ya barua moja ya eskro, na nimeona waliouza nyumba. Kwa hiyo mwambie benki kwa maandishi wapige eskro kwa thamani ya nyumba iliyokamilika, na muulize mjenzi viwango vyote vya kodi vya anwani ile kimoja kimoja, pamoja na MUD au PID (eneo maalum lenye tozo yake ya miundombinu) kama ipo, akikuonyesha jumla tu mwambie hapana. Hata nyumba zako za kwanza mbili angalia hilo, kodi iliyopo kwenye tangazo ni ya mwenye nyumba wa sasa, ambaye anaweza kuwa ni mzee wa zaidi ya miaka 65 ambaye kodi yake ya shule imegandishwa, au amekaa miaka mingi chini ya ule ulinzi wa homstedi unaozuia thamani ya kutozwa isipande zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Ukinunua wewe, ulinzi wake unaondoka naye, na wako unaanza kufanya kazi mwaka unaofuata baada ya wewe kustahili.

Ejenti wako hakukwepa kwa ubaya. Sheria ya makazi ya haki ya mwaka 1968 inakataza kuwaelekeza wateja mitaa fulani kwa sababu ya rangi, dini, asili na kadhalika, na kwa miaka mingi "shule nzuri" limekuwa neno la kufichia mambo hayo, ndo maana mawakala wengi wanakataa kulitamka kabisa. Bora hivo kuliko yule atakayekwambia "watu wenu wengi wako upande ule".

Na hilo linanipeleka kwenye neno lenyewe, shule nzuri. Alama za mitihani kwa kiasi kikubwa zinafuata kipato cha wazazi, na bei za nyumba zinachuja wazazi kwa kipato, kwa hiyo nyumba ghali inaleta alama za juu na alama za juu zinafanya nyumba iwe ghali zaidi, inazunguka hivo. Shule inaweza kuwa na A na mwanao asipate mwalimu wa kumsaidia Kiingereza, nyingine ina C na inawainua watoto kuliko walivyoingia. Wizara ya elimu ya Texas inatoa herufi A mpaka F, lakini ndani yake kuna vipande vitatu, ufaulu, maendeleo ya mwanafunzi, na kuziba mapengo kati ya makundi. Mimi kwa familia zetu naangalia hicho cha maendeleo kwanza. Alafu nendeni wenyewe, Jumanne asubuhi siyo siku ya maonyesho, ombeni kutembezwa, muulize watoto wangapi wanajifunza Kiingereza kama lugha ya pili na walimu wao ni wangapi, mwangalie mkuu wa shule anavyomsemesha mtoto kwenye korido. Eagle Mountain-Saginaw ina shule nyingi na zinatofautiana zenyewe kwa zenyewe, Keller hivohivo, kwa hiyo linganisha shule mbili watakazoenda watoto wako, siyo majina mawili ya wilaya.

Kuhusu anwani ya binamu, dada, usifanye. Najua watu wanafanya na wanasema hakuna shida. Kutoa taarifa ya uongo kwenye uandikishaji ni kosa la jinai Texas, na wilaya inaweza kukudai ada ya muda wote mtoto aliosoma, na kama makaratasi yenu ya uhamiaji bado yanaendelea sitaki hata kufikiria jalada lenye neno udanganyifu. Mtoto naye anabeba mzigo wa kudanganya kila akiulizwa unakaa wapi. Na njia halali zipo, wilaya nyingi zinapokea watoto wa nje kwa maombi ya uhamisho zikiwa na nafasi, zina madirisha ya tarehe zake kwa hiyo ulizia mapema, kuna shule za kuchagua ndani ya wilaya zinazoingiwa kwa bahati nasibu au usaili, kuna shule za chata, yaani shule za umma zinazojiendesha nje ya wilaya, ambazo ni bure.

Kuna njia nyingine ambayo watu wetu wanaidharau, kupanga. Mpangaji ndani ya Keller ana haki ya shule sawasawa na mwenye nyumba ya nusu milioni. Mkipanga huko mwaka mmoja mnaijua shule kutoka ndani kabla ya kuweka 395,000. Ubaya wake mnachelewa kuanza kujenga umiliki wenu, na mtoto wa miaka 9 anaweza kuhamishwa shule mara mbili, hilo ni zito kwake.

Ningekuwa mimi ndo nimekaa kwenye kiti chenu? Mkubwa ana miaka 9, mdogo 4, kwa hiyo mtaitumia wilaya ya shule kama miaka 14 hivi, muda mrefu wa kutosha kufanya shule kuwa sababu halali ya kulipa zaidi. Kwa mtu mwenye mtoto mmoja wa kidato cha mwisho ningemwambia aache. Lakini 433 kwa mwezi ni shifti ngapi zako, na ni usiku mingapi mume wako hayupo nyumbani? Mtoto wa miaka 4 anayesomewa kitabu jioni na mama ambaye hajachoka anapata kitu ambacho wilaya haitoi. Kama mkitembelea shule zote mbili na ile ya nyumba ya kwanza ikawaridhisha, ningechukua ya kwanza na hata nusu ya tofauti niiweke kwa ajili ya watoto. Kama ile ya Keller ina kitu mahususi ambacho mwanao anahitaji na 433 haiwaongezei shifti, ningeshusha bei kwanza, niwaambie wauzaji 395,000 hapana, alafu ndo nizungumze. Ya tatu nisingeigusa mpaka nione karatasi ya viwango vyote.

Kabla ya kusaini chochote tafuteni mshauri wa nyumba aliyeidhinishwa na HUD, wizara ya nyumba ya Marekani, wapo Fort Worth, wengi huduma ni bure au kwa ada ndogo, atawapitishia bajeti na eskro ana kwa ana na hana kamisheni kwenye nyumba yoyote. Kama mkataba wa mjenzi una kurasa ambazo hamzielewi, lipieni wakili wa mali saa moja auone. Mkishahamia, fomu ya homstedi ni bure kwenye ofisi ya uthamini ya kaunti, barua za kampuni zinazotaka hela kuwajazia tupa, hakikisheni tu anwani kwenye leseni ya udereva imeshabadilishwa iwe ya nyumba mpya, na muipeleke kabla ya tarehe 30 Aprili. Barua ya thamani ikija na namba imezidi bei mliyonunulia, mna hadi tarehe 15 Mei au siku 30 tangu barua itumwe, ile inayochelewa zaidi, kuipinga bila malipo. Chukueni karatasi ya mauzo mwende nayo.